Haidrojeni ikikatika Mwanza ndo inakua ya mwisho kukumbukwa: niliyoongea Nyegezi

Wazee wangu shikamooni, mwangaluka. Vijana mambo zenu. Wamama wa soko la Mwaloni mliofunga meza mkaja kunisikiliza, asanteni sana.

Nimeombwa niongelee hatari ya nchi kukosa haidrojeni, na najua kuna mtu hapo nyuma anajiuliza nchi gani hiyo, maana sisi hapa Mwanza hatuna hata sheli moja ya haidrojeni, hakuna daladala inayotembelea haidrojeni kutoka Igoma mpaka Kirumba, sasa tutaikosaje kitu ambacho hatuna. Ni swali la haki kabisa na nataka nianze nalo, kwa sababu jibu lake ni kwamba haidrojeni tunayo, tena kila msimu inaingia mashambani Magu, Kwimba, Sengerema na Misungwi, ila haiji ikiwa gesi, inakuja ikiwa mbolea.

Chukua mfuko wa yuria wa kilo 50, ule mweupe ambao mkulima anaubeba kwenye baiskeli. Yuria inatengenezwa kwa amonia, na amonia inatengenezwa kwa naitrojeni ya hewani ikiunganishwa na haidrojeni. Naitrojeni ipo bure, hewa tunayovuta sasa hivi karibu asilimia 78 ni yenyewe, hakuna nchi inaweza kukunyima. Kazi yote ipo kwenye haidrojeni. Ukipiga hesabu ya kikemia, kutengeneza huo mfuko mmoja wa kilo 50 kunahitaji kama kilo 5 za haidrojeni. Sasa linganisha na Toyota Mirai, lile gari la haidrojeni ambalo wenzetu wanalisifia, tenki lake linabeba kama kilo 5 na nusu hivi. Yaani mkulima wa Kwimba anaeweka mifuko minne shambani ametumia haidrojeni ya kujaza karibu magari manne, na hajawahi kuambiwa hata siku moja.

Ndo maana nasema kukatika kwa haidrojeni kulishatufikia. Mwaka 2022, baada ya vita ya Ukraine kuanza, gesi asilia Ulaya ilipanda bei vibaya, na haidrojeni nyingi duniani inatolewa kwenye gesi asilia kwa kuichanganya na mvuke wa maji kwenye joto kali, kwahiyo viwanda vya amonia vikashindwa kuendelea. Kampuni ya Yara, ambayo ni ya Norway na mifuko yake mnaijua, mwezi wa 8 mwaka huo ikatangaza inapunguza uzalishaji wake wa amonia Ulaya mpaka kubaki kama asilimia 35 tu ya uwezo. Huku kwetu nani alisikia habari ya haidrojeni? Hakuna. Tulichosikia ni mbolea imepanda, mkulima akaacha kuweka, serikali ikaleta ruzuku mwaka huo huo wa 2022, watu wakapanga foleni ya kujiandikisha. Ukifuatilia ule uzi kutoka kwenye foleni ya mbolea kurudi nyuma unakutana na mtambo wa haidrojeni uliozimwa Ulaya. Mimi naamini mtu akishaliona hilo hawezi tena kusema hii mada ni ya wazungu.

Sasa twende kwenye nchi ambazo zimeshaanza kuitumia haidrojeni yenyewe kama mafuta, kwa sababu viongozi wetu nao wameanza kuitaja kwenye mipango ya nishati, na ni vizuri tujue wenzetu walikwama wapi kabla na sisi hatujaweka hela.

California, Marekani. Tarehe 1 Juni 2019 kwenye kituo cha kujazia malori yanayobeba haidrojeni pale Santa Clara, cha kampuni ya Air Products, kukatokea mlipuko na moto. Moto wenyewe ukadhibitiwa. Lakini kituo kile ndo kilikua kinalisha sheli nyingi za kaskazini ya California, kwahiyo siku hiyo hiyo sheli zikaanza kukauka, na hali ile ikaendelea kwa miezi, watu wana magari mazuri kabisa, mazima, wamelipia, na hawana pa kujaza. Kituo kimoja jamani! Na hata baadae mambo hayakunyooka, 2023 bei ilifika mpaka dola 36 kwa kilo kwenye baadhi ya sheli, na Februari 2024 kampuni ya Shell wakafunga sheli zao za haidrojeni za magari madogo huko California, na moja ya sababu walizotoa ni shida ya upatikanaji wa haidrojeni.

Siku tisa tu baada ya Santa Clara, tarehe 10 Juni 2019, kule Sandvika karibu na Oslo, Norway, sheli ya haidrojeni ya kampuni ya Uno-X ikalipuka. Hii nataka mafundi mnisikilize vizuri. Uchunguzi ulionyesha nini? Kwenye tenki la presha kubwa kulikua na plagi, na boliti za ndani za ile plagi hazikukazwa kwa kipimo kinachotakiwa. Basi. Haidrojeni ikaanza kupenya pale taratibu, maana ni gesi yenye chembe ndogo sana, inapita mahali ambapo gesi nyingine nyingi hazipiti, tundu likakua, gesi ikajikusanya, ikashika moto. Watu wawili waliokua kwenye gari karibu na pale waliumia kidogo kwa sababu mtikisiko ulifungua eabegi, ile mifuko ya hewa ya usalama, za gari lao. Hakuna aliekufa, tunamshukuru Mungu. Ila angalia kilichofuata: sheli nyingine zenye vifaa kama vile zikafungwa ili zikaguliwe, sio Norway tu, Toyota na Hyundai wakasimamisha kwa muda kuuza magari ya haidrojeni Norway. Boliti za plagi moja zimesimamisha usafiri wa aina nzima kwenye nchi nzima.

Siku 18 kabla ya Sandvika, Mei 23 mwaka huo huo, Gangneung kule Korea Kusini, tenki la haidrojeni lililipuka likaua watu wawili, oksijeni ilikua imeingia kwenye tenki ambalo halikutakiwa kua nayo. Na Korea hao hao Novemba 2023 wakapata janga la aina nyingine, lisilo na mlipuko wala maiti: mtambo wa kutoa haidrojeni kwenye kiwanda cha chuma cha Dangjin ulipata hitilafu, basi sheli za haidrojeni za Seoul na mikoa ya jirani zikapungukiwa, madereva wakakaa foleni masaa, wengine wakageuzwa. Na Korea ni watu ambao wamejipanga kweli kwenye hii kitu kuliko karibu nchi zote.

Watu wengi mkisikia haidrojeni mnaogopa mlipuko, na ni sawa kuogopa, inashika moto ikiwa hewani kuanzia asilimia 4 mpaka 75, hiyo sio gesi ya kuchezea. Lakini mimi ninachokiona kwenye hizi habari zote ni kwamba mlipuko unachukua dakika na unaumiza waliokua karibu, alafu ukosefu unachukua miezi na unamkuta mtu yupo mbali kabisa na pale palipolipuka. Sisi watu wa Kanda ya Ziwa kwenye karibu kila bidhaa ndo hao wa mbali.

Katikati ya 2023 mnakumbuka petroli ilivyosumbua, bodaboda wanazunguka na madumu, unaambiwa meli ipo Dar inashusha, subiri. Petroli ikishuka Dar ina zaidi ya kilomita 1,100 kufika hapa. Na petroli ni rahisi kubeba. Lori moja linabeba lita 35,000, linafika, sheli inamwaga chini kwenye tanki, inaweza kukaa hata wiki kadhaa bila shida. Haidrojeni je? Lori la kawaida la mitungi ya chuma, presha ya 200 bar, yaani karibu mara 200 ya presha ya hewa ya kawaida, linabeba kilo kama 300 tu za haidrojeni, uzito mwingine wote ni chuma. Kilo moja ya haidrojeni ina nguvu kama uniti 33 za umeme, lita moja ya petroli ina kama 9. Kwahiyo lile lori zima, na dereva na utingo wake, limebeba nguvu sawa na lita 1,100 za petroli. Ili kuleta Mwanza nguvu iliyopo kwenye tenka moja ya petroli unahitaji malori kama 30 ya haidrojeni. Sawa, najua kuna mtu atasema gari la haidrojeni linatumia nguvu vizuri zaidi, ni kweli, tuseme mara mbili, bado ni malori 15 badala ya moja, na kila lori linakunywa dizeli kwenda na kurudi. Yapo matrela mapya ya mitungi myepesi yanayobeba karibu tani moja, ni ya bei kali na bado huondoki kwenye tatizo. Ukitaka kuibeba ikiwa maji maji inabidi uipoze mpaka nyuzi 253 chini ya sifuri, na hapo unachoma kama theluthi ya nguvu yake kwa kuipoza tu, na kila siku inayokaa kidogo inageuka gesi inakimbia.

Kwahiyo mtu akija hapa na mpango wa kujenga mtambo mkubwa mmoja wa haidrojeni pwani alafu mikoa yote iletewe kwa malori, naomba mumkatalie kwa heshima. Barabara ikikatika na mvua Dodoma au Singida, sisi tumeisha. Na hao wa Dar wenyewe mnawaona walivyokaa foleni za CNG, gesi asilia ya magari, kwenye vituo vichache, na ile gesi inatoka Songo Songo na Mnazi Bay, ipo kwenye bomba, ipo kwetu wenyewe.

Basi mtu anasema, sawa, tutengeneze hapa hapa Mwanza. Maji tunayo, ziwa kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Na ni kweli maji sio shida, kilo moja ya haidrojeni inakula lita kama 9 za maji kikemia, ukijumlisha kusafisha na kupoza inaongezeka ila kwa ziwa hili ni tone. Shida ni umeme. Kupasua maji upate kilo moja ya haidrojeni kunakula uniti 50 mpaka 55. Rudi kwenye mfuko wetu wa yuria, kilo 5, hiyo ni uniti 250 na zaidi kwa mfuko mmoja, kuna nyumba hapa Buhongwa hazimalizi uniti hizo kwa miezi mitatu. Bwawa la Nyerere pale Rufiji lina megawati 2,115 na limetusaidia kwelikweli, siwezi kulibeza, ila umeme wake ili ufike huku unapanda laini ndefu ya Dodoma, Singida mpaka Shinyanga ndo uje Mwanza. Mnakumbuka Aprili 1, 2024, gridi ya taifa ilivyopata hitilafu nchi ikawa giza. Mtambo wa haidrojeni uliotegemea gridi peke yake siku ile unazima kama friji ya samaki inavyozima.

Hili sio la kufikirika, limeshatokea kwa ndugu zetu wa Zimbabwe. Pale Kwekwe kuna kiwanda kinaitwa Sable Chemicals, kuanzia miaka ya 1970 walikua wanapasua maji kwa umeme, wanapata haidrojeni, wanatengeneza amonia, wanatengeneza mbolea ya nchi yao. Miaka hiyo! Leo watu wanakuja na picha nzuri wanatuambia haidrojeni ya umeme wa maji ni teknolojia mpya, wakati Waafrika wameifanya miaka zaidi ya 40, na Aswan kule Misri walianza hata kabla, kwa umeme wa Mto Nile, mto ambao unatokea hapa ziwani kwetu. Sasa Kwekwe ilikuaje? Umeme wa Zimbabwe ukawa wa shida na wa bei, kiwanda kile kinakula megawati nyingi mno, na 2015 ule mtambo wa kupasua maji ukazimwa. Kiwanda kikabaki kinaagiza amonia kutoka Afrika Kusini kwa mabehewa ya treni. Wale mafundi waliokua wanajitengenezea wakawa wanasubiri behewa lipite mpaka. Nikiifikiria hiyo naumia sana kwa kweli, maana sio kwamba walishindwa utaalamu, utaalamu walikua nao wa kutosha.

Kwahiyo mimi ninachokisema, na nakisema nikiwa na uhakika nacho, ni kwamba nchi isianze haidrojeni kwa kununua mabasi wala kwa kujenga sheli. Ianze na mbolea, ianze na mitambo midogo mingi kwenye kanda, na kabla ya kuuza kilo ya kwanza ihakikishe kuna akiba. Akiba ndo kitu wenzetu wote waliruka. California haikua na akiba. Korea haikua na akiba ya kutosha. Walijenga mahitaji kwanza.

Mitambo midogo inawezekana? Jirani zetu Kenya, kwenye shamba moja karibu na Naivasha, wameweka mtambo wa sola unaotengeneza amonia tani moja kwa siku. Tani moja watu wanaiona ndogo. Ila ukiigeuza kwa hesabu ya naitrojeni, ni kama mifuko 35 ya yuria kila siku, pale pale shambani, bila meli wala lori kutoka bandarini, wala dola. Sasa weka mitano ya hivyo, mmoja Magu, mmoja Sengerema, mmoja Bunda, mmoja Geita, mmoja Misungwi. Mmoja ukiharibika kwa sababu ya boliti kama ile ya Norway, minne inaendelea. Ndo tofauti yenyewe na Santa Clara. Najua mtambo mdogo kilo yake inatoka ghali kuliko mtambo mkubwa, wachumi wananiambia hivyo kila nikiongea hii habari, na mimi nawajibu wapige na hesabu ya msimu mmoja mkulima akikosa mbolea kabisa alafu waje tulinganishe.

Na kuhusu akiba, hapa Mwanza tuna vitu viwili ambavyo watu hawavizungumzii. Cha kwanza ni miamba. Duniani haidrojeni nyingi inahifadhiwa kwenye mapango ya chumvi chini ya ardhi, Teesside Uingereza wanafanya hivyo tangu 1972, na Texas pia. Sisi huku hatuna chumvi ya namna hiyo, chini yetu ni mawe ya granaiti, mnayaona kuanzia Bismarck mpaka Bugando. Kwa miaka mingi jibu lilikua kwamba kama huna chumvi huna akiba kubwa. Lakini 2022 kule Luleå, Sweden, mradi wa chuma wa HYBRIT ulianza kujaribu ghala la haidrojeni kwenye mwamba mgumu, wamechimba kama mita 30 chini, wakatengeneza chumba cha mita za ujazo 100, ndani wakakivika chuma kuzuia gesi isipenye, na mwamba wenyewe ndo unabeba presha. Ni la majaribio, ni dogo, na linahitaji hela na wajiolojia wa maana. Ila ni mwamba mgumu, sio chumvi! Nchi hii ina wachimbaji wa Geita wanaoshuka chini kuliko hapo kila siku iendayo kwa Mungu, kuchimba mwamba hatufundishwi na mtu.

Cha pili ni watu. Amonia ni njia rahisi kuliko zote ya kuhifadhi haidrojeni, inakua maji maji kwenye nyuzi 33 tu chini ya sifuri, sio 253, unaiweka kwenye tenki inakaa miezi. Ubaya wake ni sumu, ikivuja kwa wingi inaua, na harufu yake inakukaba kabla hujajua imetoka wapi. Inahitaji mafundi wanaoijua, wanaovaa barakoa bila kulazimishwa, wanaojua kukagua vali kwa mikono yao. Hao tunao. Vijana wa mitambo ya kugandisha kwenye viwanda vya minofu ya sangara wanafanya kazi na amonia, wanaijua kwa harufu. Mtu anakuambia Tanzania haina wataalamu wa haidrojeni, mwambie atoke Nyakato zamu ya usiku inapobadilishana aone wanaotoka getini. Wanahitaji kozi, wanahitaji cheti kinachotambulika, wanahitaji bima, ila ujuzi wa msingi wanao tayari na hakuna aliewauliza.

Kuna swali niliulizwa na binti wa chuo tukiwa tunaingia hapa, nataka nilijibu mbele ya wote kwa sababu ni la msingi. Aliuliza, kama haidrojeni ina matatizo yote haya, kwanini tusiiache tu tukabaki na sola na betri. Mdogo wangu, kwenye bajaji, kwenye boti za uvuvi, kwenye taa za dagaa, nakubaliana na wewe asilimia mia, weka betri, achana na haidrojeni. Betri inapoteza umeme kidogo sana, haidrojeni inapoteza zaidi ya nusu ukiutoa umeme ukaurudisha umeme. Lakini betri haiwezi kua yuria. Hakuna njia ya kutengeneza amonia bila haidrojeni, tangu wanasayansi Fritz Haber na Carl Bosch waanze pale Oppau Ujerumani 1913 mpaka leo ni hivyo, na dunia mwaka 2023 ilitumia karibu tani milioni 97 za haidrojeni na kiasi kikubwa kinaenda kwenye kusafisha mafuta na kwenye amonia. Chini ya asilimia 1 ndo inayotoka kwenye njia safi. Kwahiyo hata tukisema hatuitaki, tutaendelea kuinunua ndani ya mifuko kutoka nje, kwa bei ya gesi ya nchi ya mtu mwingine na kwa vita vya mtu mwingine.

Wenye ofisi za mkoa mliokuja, ombi langu ni moja na linaandikika. Kwenye mpango wowote wa haidrojeni utakaoletwa mezani kwenu, ulizeni karatasi inayosema mtambo ukisimama leo, mkulima wa Kanda ya Ziwa ana akiba ya siku ngapi, na iko wapi, na nani ana ufunguo. Kama hiyo karatasi haipo rudisheni mpango.

Muda wangu naona umeisha, mwenyekiti ananiangalia. Karibuni maswali. Mafundi wa amonia naomba muanze nyinyi, na mseme wazi vifaa gani vya usalama hamna kazini, kuna mwandishi hapa pembeni anaandika bila kutaja jina la mtu wala la kiwanda.